Pua haisomi "2×1"

Mei ikifika na ununuzi wa pamba ukafunguliwa, Somanda na mji mzima wa Bariadi, mkoani Simiyu, huanza kupiga chafya. Malori yaliyosheheni yanaelekea vinuni, nyuzi nyeupe zinanasa kwenye miti ya kando ya barabara, na mvua zikishakata, vumbi linashika zamu. Si kila chafya ni aleji, maana vumbi na moshi wa kuni huwasha pua ya yeyote. Lakini yule anayeamka kila alfajiri na chafya kumi mfululizo, macho yakimwasha, makamasi mepesi kama maji yakimtiririka, na usiku analala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba, huyo hana mafua ya kupita. Mara nyingi mwili wake umeanzisha vita na kitu kisicho adui: utitiri wa kwenye godoro, ukungu wa ukutani, chavua, manyoya ya paka.

Akifika duka la dawa, mazungumzo huwa mafupi.

"Dada, naomba dawa ya pua, imeziba kabisa."

"Ya matone au ya kupuliza?"

"Yoyote, mradi ifungue haraka."

Ni hilo neno "haraka" linaloharibu mambo. Dawa zinazofungua pua kwa dakika chache, kama efedrini, oksimetazolini na silometazolini, hufanya kazi kwa kubana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua. Zinasaidia kweli, kwa siku chache. Zikitumika zaidi ya wiki hivi, pua huanza kuzidai: dawa ikiisha nguvu, pua inaziba kuliko mwanzo, mtu anaongeza matone, inaziba tena. Wapo wanaotembea na kichupa mfukoni mwaka mzima wakidhani aleji yao ni sugu, kumbe sasa wanaugua dawa yenyewe.

Dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama flutikasoni, mometasoni, budesonidi au beklometasoni, haina haraka hiyo. Inatuliza uvimbe wenyewe, tena polepole. Nafuu inaweza kuanza siku ya kwanza, lakini nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, na inataka itumike kila siku msimu wote wa aleji, si siku ya chafya tu. Asiyeambiwa hivyo huiacha siku ya tatu na kuwatangazia majirani kwamba ameuziwa feki.

Halafu kuna woga wa jina. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, na wengi wamewaona kwa macho yao watu walioharibiwa ngozi na mkorogo. Mtu akisoma "steroidi" kwenye boksi la dawa ya pua, ni haki yake kushtuka. Tofauti iko kwenye kiasi na mahali. Mpulizo mmoja wa flutikasoni wa kawaida una mikrogramu 50; mtu mzima akipuliza mara mbili kila tundu, jumla ya siku ni mikrogramu 200, na chini ya asilimia 2 ndiyo inayofika kwenye damu. Kidonge kimoja tu cha prednisoloni cha miligramu 5 kina steroidi ambayo kwa uzito ni mara 25 ya kipimo hicho cha siku, na karibu yote inapita tumboni kuelekea mwili mzima. Ajabu ni kwamba wapo wanaoiogopa chupa ya kupuliza lakini wanameza "predi" bila cheti kila vumbi likizidi.

Piriton nayo ina wapenzi wake. Inakausha makamasi, lakini inaleta usingizi, na dereva wa bodaboda anayekwenda Lamadi hana sababu ya kuimeza asubuhi.

Pamoja na hayo, yapo ya kuogopa kweli, na moja halisemwi vya kutosha. Mtu anayetumia ARV zenye ritonaviri, ambazo wengi wanaotumia dawa za mstari wa pili wanazo, asipulize flutikasoni wala budesonidi kabla ya kuongea na kliniki yake. Ritonaviri huzuia ini kuivunja steroidi, nayo inajilimbikiza mwilini, uso unavimba, sukari na presha vinapanda. Beklometasoni kwa kawaida haileti shida hiyo. Mwenye presha ya macho amwambie daktari, na mtoto anayetumia dawa hii kwa miezi apimwe urefu. Naye mtoto mwenye tundu moja tu lililoziba na linalonuka hana aleji. Simiyu inalima choroko na dengu, na punje moja huingia puani kirahisi kuliko mzazi anavyodhani. Huyo apelekwe hospitali.

Kinachobaki ni mkono. Chupa mpya hutikiswa, kisha hupulizwa hewani mara kadhaa mpaka ukungu utoke. Mtu anapenga kamasi, anainamisha kichwa mbele kidogo, kama anayetazama vidole vya miguu yake. Mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto, wa kushoto unapuliza la kulia, ili mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio na kulikwepa lile pazia la katikati ya pua. Pazia hilo ni jembamba. Likipigwa dawa kila siku linakauka na kutoa damu. Anavuta pumzi taratibu, si kama anayevuta ugoro. Akiisikia dawa kooni ikichuruzika, amevuta mno, na dawa imemezwa badala ya kubaki puani. Damu ikitoka, apumzike siku mbili tatu na auangalie tena mwelekeo wa mkono wake; ikiendelea, aonwe na daktari. Chupa ni ya mtu mmoja, haiazimwi hata ndani ya nyumba moja.

Hakuna lolote kati ya haya linaloingia kwenye ile alama ya kipimo inayoandikwa kwa kalamu juu ya boksi: "2×1". Kwa kidonge inatosha, kwa sababu kila mtu anajua kumeza. Kwa pua haitoshi, na kumlaumu mgonjwa kwa kukosea ni uonevu. Anayeuza ndiye aonyeshe. Famasi za mjini zingeweza kuweka chupa tupu moja kaunta, muuzaji aishike kwa mkono wa kulia, ailekeze tundu lake la kushoto, kisha amwombe mteja afanye vivyo hivyo kabla ya kupokea chenji. Haichukui hata dakika mbili. Na palepale amuulize, kwa sauti ya chini, kama kuna dawa nyingine anazotumia kila siku.