Kingereza cha biashara: tuwaachie wanafunzi wa Aveba kamera

Mwanafunzi wa komersiale huku kwetu Aveba anaweza kumaliza sekondere akijua kuandika fakture vizuri kwa Kifaransa, lakini siku akifika Mahagi mbele ya muuzaji wa Uganda mwenye kusema Kingereza, anaitika kwa kichwa tu. Si kwamba hakusoma Kingereza. Amekisoma miaka, kwenye tablo. Alinakili, akashika kwa kichwa, akapata pointi. Kinywa chake ndicho hakikufunguka, sababu darasa limejaa na saa ni chache, tena Egzame ya Serikali inamuomba achague jibu kwenye karatasi, haimuombi aseme.

Zamani tungeweza kuvumilia. Leo hapana. Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kazi za Jumuiya hiyo zinaandikwa kwanza kwa Kingereza. Mwaka ule ule KCB ya Kenya ilinunua sehemu kubwa ya TMB. Equity, nayo ya Kenya, ilikuwa imekwisha kuchukua BCDC. Sokoni Kiswahili kinatosha, ndiyo. Kwenye kontra na karatasi za duane, hakitoshi.

Tunaomba basi jambo dogo: walimu wawaache wanafunzi watengeneze video wao wenyewe, wane wane. Mmoja ni mkulima wa Aveba mwenye magunia kumi ya maharagwe, wa pili mnunuzi aliyevuka ziwa toka Ntoroko, wa tatu anaandika fakture, wa ine anashika telefone. Wapatane bei kwa Kingereza, dakika tatu, si zaidi. Wakikosea, wanafuta na kuanza upya. Faida iko hapo, juu mtoto mwenye haya ya kusema mbele ya darasa zima atasema mara kumi mbele ya telefone mpaka itoke sawa. Kisha mwalimu anaangalia pamoja nao, anasahihisha. Mwaka unaofuata wadogo wao wataanzia kwenye video hizo, zenye bei ya huku na mihogo ya huku, kuliko kitabu kinachosimulia duka la London.

Intaneti haihitajiki: video inapita kwa Bluetooth toka telefone moja mpaka ingine. Lakini telefone ya kazi hii ilale shuleni. Kila mzazi anajua namna watu wenye silaha wanavyozitafuta njiani.

Yenye inatusumbua zaidi ni picha za mabinti. Video ya msichana anayekosea Kingereza ikitoroka kwenye WhatsApp, kesho senta yote inamcheka, kesho kutwa haji tena darasani. Mkuu wa shule aweke sheria mbele ya kazi kuanza: hakuna video inayotoka shuleni, na asiyetaka uso wake uonekane, arekodiwe sauti na mikono tu.

Tena video ipewe pointi, sawa karatasi. Bila pointi, tunawajua wanafunzi wetu, na wazazi wao pia: watasema ni mchezo wa telefone.