Kukopa Si Kufilisika: Funzo la Japani ya Kale

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba lugha ikikopa mno hupoteza roho yake. Rai hii haina mashiko, na historia ya kale ya Japani ni ushahidi tosha.

Enzi ya Jomon, iliyodumu kwa maelfu ya miaka, ilikuwa ya wawindaji, wavuvi na wafinyanzi waliopamba vyungu kwa alama za kamba. Katika enzi ya Yayoi, kilimo cha mpunga na ufuaji wa metali viliingia kutoka bara la Asia. Ikafuata enzi ya Kofun, ambapo watawala walizikwa chini ya vilima vikubwa vya kujengwa. Hata hivyo, kwa mwanafasihi, kiini cha mambo kimo katika enzi tatu zilizofuata.

Katika enzi ya Asuka, dini ya Kibudha ilipokewa kutoka Korea mnamo karne ya 6, na mageuzi ya mwaka 645 yakaiga utawala wa China. Enzi ya Nara ilipoanza mwaka 710, hati ya Kichina ndiyo iliyotumiwa kuandika Kojiki (712) na Nihon Shoki (720). Lakini katika diwani ya Man'yoshu, alama nyingi za Kichina zilitumiwa kwa sauti zake tu, ili zibebe maneno ya Kijapani. Hapo mkopo ukaanza kuzaa faida.

Faida hiyo ilikomaa katika enzi ya Heian (794–1185). Kutokana na alama hizo ilizaliwa kana, hati ya silabi. Wanaume wa kasri walijivunia Kichina, nayo kana ikaitwa mkono wa wanawake. Ki no Tsurayuki alipoandika shajara kwa kana, yapata mwaka 935, alijivika nafsi ya msimulizi wa kike. Mwanzoni mwa karne ya 11, Murasaki Shikibu akatumia hati hiyo iliyodunishwa kuandika Genji Monogatari, kazi ambayo ulimwengu ungali unaisoma.

Kiswahili nacho kilikopa hati ya Kiarabu, na tenzi za Pwani zikaandikwa kwayo bila kupoteza Uswahili wake. Basi tusiliogope neno la kigeni. La kuogopwa ni msomi anayeionea haya lugha yake, akaiachia wengine kazi ya kuiandikia.