Mgonjwa wa Kipindupindu Hatumuulizi Alilala Wapi

KANDO YA ZIWA
Na Furaha Wilondja

Watu wa Uvira tunakijua kipindupindu. Kiko kwetu tangu miaka ya 1970, kinaondoka na kurudi, na mvua zikipiga milimani mto Mulongwe ukachafuka, kila mama wa Kimanga, Kalundu au Kavimvira anajua la kufanya. Mtu akianza kuharisha maji meupe usiku, jirani anaamka, motari anaitwa na pikipiki yake, mgonjwa anabanwa katikati ya motari na ndugu yake, na safari ni moja kwa moja hadi hospitali kuu. Hakuna anayemuuliza alilala wapi wala na nani. Lawama zote tunazipeleka Rejideso, shirika la maji, kwa kuwa bomba limekauka na watu wamechota ziwani.

Sasa mtazame kijana wa miaka 20 aliyeota vipele sehemu za siri mwaka 2024, mpox ilipotuingilia. Huyo hakuitiwa motari. Alijifungia chumbani. Alinunua vidonge farmasi bila karatasi ya muganga, akapaka mafuta, na alipoulizwa mbona hatoki, akasema ni malaria. Kama ni msichana aliogopa kuitwa ndumba, yaani malaya; kama ni mvulana aliogopa maneno mengine mabaya zaidi.

Hoja yangu wiki hii ni moja. Aibu tunayowatwika vijana wetu ndiyo inayoubeba ugonjwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na mwisho wake inaufikisha kwenye mkeka wanapolala watoto.

Tuanzie Kamituga, mji wa dhahabu kule Mwenga. Mwezi wa tisa mwaka 2023, waganga wa huko walianza kuona mpox isiyofanana na ile iliyozoeleka katika misitu ya Ekwateri, mkoa ambako mtu wa kwanza duniani kujulikana kuugua alipatikana mwaka 1970. Ile ya msituni iliwapata zaidi watoto, na mara nyingi mnyama wa porini alihusika. Hii ya Kamituga ilitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, tena kwa njia ya kitandani. Katika miezi mitano ya mwanzo walilazwa watu 241 walioshukiwa, na maabara ikathibitisha 108. Umri wa katikati ulikuwa miaka 22. Asilimia 29 walikuwa wanawake wanaouza mapenzi.

Watu waliichukua ile asilimia 29 wakaigeuza kuwa hukumu: ugonjwa wa ndumba. Ni nani aliyejali kuhesabu kilichobaki? Saba kati ya wagonjwa kumi hawakuwa na kazi hiyo, na hakuna jina la kejeli walilotungiwa. Wanaume waliotoa fedha zao kwa wale wasichana walirudi makwao na heshima yao mfukoni, na baadhi yao walirudi na virusi pia. Machimbo yana barabara, na barabara ya Kamituga haiishii Kamituga.

Kuna deni hapa ambalo hatulisemi. Wasichana wale walikubali kuvua nguo mbele ya muganga, wakakubali vidonda vyao viguswe na sampuli zichukuliwe. Kutokana na sampuli za wagonjwa wa Kamituga wataalamu waligundua tawi jipya la virusi, lile wanaloliita Ib. Haukupita mwaka, tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, ambayo liliiondoa tarehe 5 Septemba 2025. Wenye kudharauliwa kuliko wote katika mji ule walikuwa miongoni mwa waliopiga kengele kwa ajili ya dunia nzima, na malipo yao yakawa matusi.

Ugonjwa ulipofika Uvira, hospitali kuu iliona sura mbili. Watu wazima wengi walikuwa na vidonda sehemu za siri. Watoto walikuwa navyo usoni, mikononi, mgongoni, maana watoto wanabebwa, wanacheza pamoja, wanafunikwa shuka moja. Mtoto wa miaka mitatu hana dhambi ya kuungama. Kuanzia mtu aambukizwe hadi dalili zitokee zinaweza kupita siku 21, na aliyekwisha kuota vipele anaambukiza mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya ifunge, jambo la wiki mbili hadi nne. Piga hesabu mwenyewe. Kijana akijificha wiki nzima kwa hofu ya majirani, katika chumba ambacho wadogo zake wanne wanalala, ni nani aliyelindwa na ile aibu?

Na mpox haikuanzisha desturi hii, imeikuta. Mji wetu una mazoea ya kumbandika kijana jina kabla ya kumsikiliza. Aliyetoka msituni na bunduki akiwa na miaka 14 anabaki kadogo hata akiwa na watoto wake. Anayelala sokoni ni maibobo. Aliyeshuka kutoka nyanda za juu akikimbia vita anaulizwa kabila kabla ya kuulizwa anaumwa wapi, na wapo wanaopima kwanza kituo cha afya kiko kartie ya nani ndipo waamue kwenda au kubaki na homa. Vita vilipoingia mjini Desemba 2025 na watu kuvuka kwa maelfu kwenda Burundi, majina haya yalivuka nao. Kijana anaweza kupoteza nyumba, shule na kitambulisho njiani, lakini jina alilopewa na majirani linamfuata hadi chini ya hema.

Mahali ambapo gharama ya aibu hii inahesabika kwa saa ni kwa binti aliyebakwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na zile za kuzuia mimba ndani ya siku tano. Nchi yetu ina sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilizoandikwa kwa ajili yake. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, hapa hapa Kivu ya Kusini, alipewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kupambana na ubakaji na kuwatibu walioupata. Lakini sheria na tuzo hazikai sebuleni kwetu. Siku ya kwanza ukoo unajadili heshima yake. Siku ya pili wazee wanamtafuta mkosaji alipe mbuzi mambo yaishe kimya kimya. Siku ya tatu mama anasubiri giza ili majirani wasimwone akitoka na binti. Siku ya nne wanafika hospitali, na zile saa 72 zimekwisha kuliwa na watu wanaompenda.

Kwa ukimwi pia sheria tunayo, ile ya tarehe 14 Julai 2008, inayokataza kumbagua mwenye virusi na inayolinda siri yake. Ila karatasi haijui ramani ya kituo. Mahali dawa zinapotolewa kwenye mlango wake peke yake, siku yake peke yake, hakuna haja ya mtu kutoa siri: kila aliyekaa kwenye foleni ya malaria anajua anayepita anakwenda kuchukua nini. Ndiyo maana wapo vijana wanaolipa nauli ya kwenda mji mwingine kufuata dawa ambazo zinatolewa bure mtaani kwao. Siku nauli ikikosekana, dawa zinakatika, na virusi vinapata nafasi viliyokuwa vimenyimwa.

Hata msaada wenye nia njema unaweza kuteleza hapo. Chanjo ya mpox ilipoanza kutolewa nchini, Goma, Oktoba 2024, waliowekwa mbele walikuwa waganga, waliokaa karibu na wagonjwa, na makundi yaliyo hatarini, wakiwemo wanaouza mapenzi. Kwa upande wa tiba ni sawa kabisa. Lakini mweke mahali hapo binti wa Kimanga. Ili apate sindano, ajitokeze mchana, mbele ya mama wauza ndagala na rafiki za baba yake, kwenye mstari ambao kila mtu ameambiwa ni wa akina nani. Asipokwenda tutasema vijana hawapendi chanjo.

Najua jibu ninalosubiriwa nalo. Wazee wa kanisa watasema, na masheikh wengine watakubaliana nao, kwamba tukiondoa aibu tumehalalisha uzinzi. Nawaheshimu, na sikatai kwamba mzazi ana haki na wajibu wa kufundisha mwenendo. Mafundisho yana mahali pake: nyumbani, kanisani, msikitini, na wakati wake ni kabla mtu hajaugua. Mwenye vidonda hahitaji mahubiri juu ya alivyovipata, anahitaji kuvifunika na kuvitibu. Zaidi ya hapo, kama aibu ingekuwa kinga, Uvira ingekuwa na afya kuliko Geneva, maana aibu hatujawahi kuipungukiwa hata wakati wa vita. Tumeitumia miaka yote juu ya wasichana, nao wameendelea kushika mimba shuleni, kuugua kwa siri na kufa kwa magonjwa yenye dawa. Dawa iliyoshindwa kiasi hicho muganga yeyote mwenye akili angeibadilisha.

Mfano wa kubadilisha hauko mbali. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Waliopona walirudi mitaani wakakuta wanakimbiwa. Lakini huko Beni na Butembo baadhi yao walipewa kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya kwa usalama ule: kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Miili yao ilikuwa imekwisha pata kinga. Mtu aliyekuwa anaogopwa akawa ndiye anayekabidhiwa mtoto. Nako Ulaya na Marekani, mpox ilipowaka mwaka 2022, hasa kati ya wanaume wanaolala na wanaume, elimu iliyosikilizwa haraka ilitoka kwa watu wa kundi hilo wenyewe, waliozungumza lugha yao bila kutukanana, na wengi walibadilisha mienendo yao kabla serikali hazijamaliza vikao.

Basi nina maombi matatu, na hakuna hata moja linalongoja wafadhili.

La kwanza ni kwa wakubwa wa vituo vya afya. Mlango uwe mmoja kwa magonjwa yote, na siku ya dawa isiwe siku ya kumwonyesha mtu kidole. Muganga anayepeleka habari za mgonjwa sokoni aadhibiwe, na adhabu ijulikane, ili kijana aamini kwamba siri ina mlinzi.

La pili linahusu reko wetu, wale wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Wengi ni watu wazima wenye heshima, nasi tunawashukuru, lakini msichana wa miaka 17 hatafungua moyo kwa rafiki wa mama yake. Waongezwe vijana: aliyepona mpox, anayeishi na virusi na kumeza dawa zake, aliyewahi kuwa kadogo, motari anayejua baa zote za mji. Wafundishwe vizuri na walipwe kitu, kwa sababu ujuzi wao umewagharimu.

La tatu ni kwa shefu wa kartie, pasta, paroko, imamu na sisi majirani. Mgonjwa wa mpox anaambiwa akae pembeni hadi apone, pengine wiki tatu. Motari akikaa wiki tatu bila kazi, nyumba yake haili, kwa hiyo atatoka na vidonda vyake akiwa amevifunika kwa koti la mikono mirefu. Chakula cha nyumba hiyo ni sehemu ya tiba. Kila kartie hapa ina daftari la michango ya kilio, na mtu akifa jioni, asubuhi mifuko ya unga imekwisha fika. Daftari hilo hilo lifunguliwe ukurasa wa wagonjwa Jumapili hii, bila kuandika wanaumwa nini. Kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya jeneza, unga na maharage ya wiki tatu kwa mtu aliye hai hayawezi kutushinda.