Amin Hakuanza Januari 25, 1971

Ukikaa na watu Wandegeya, Kampala, kila Januari, iwe sokoni au kwenye steji ya taksi za Kawempe, utasikia hukumu ileile: Uganda iliharibika siku moja, Januari 25, 1971, Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Kabla ya hapo nchi ilikuwa shwari. Imani hii ni ya uongo, na inatudhuru.

Rudini Januari 1964. Askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika, wakamshika Felix Onama, waziri wa mambo ya ndani. Juma hilohilo kambi ya Colito, Dar es Salaam, na ya Lanet, Nakuru, nazo ziliasi. Tarehe 25, makomando wa Uingereza walitua Colito kwa helikopta, uasi ukazimwa. Serikali zote tatu ziliomba msaada wa Mwingereza, lakini ziliachana njia baada ya hapo. Nyerere wa Tanganyika alilivunja jeshi lake akaunda jipya. Kenya iliwafikisha waasi mahakama ya kijeshi. Obote aliongeza mishahara, na Amin, wakati huo ofisa jeshini, akazidi kupanda vyeo. Askari wetu wakajua kwamba kumtisha waziri kunalipa.

Na ushwari gani huo? Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa ndani ya kikao cha baraza. Mei 24 mwaka huo Obote alimtuma Amin kuishambulia Lubiri, jumba la mfalme wa Buganda. Kabaka Mutesa akatoroka, akafia London mwaka 1969. Buganda iliishi chini ya hali ya hatari, watu wakafungwa bila kesi. Wandegeya imo Buganda. Wazee wake hawakusimuliwa mambo hayo, waliyaona.

Ndiyo maana Kampala ilicheza barabarani mwaka 1971. Hilo hatupendi kulisema, lakini walioshangilia walikuwa na sababu. Amin aliwafungua mawaziri wale, akamfungua mwanasiasa wa upinzani Benedicto Kiwanuka na kumfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 watu wake walimkamata Kiwanuka huyohuyo katika Mahakama Kuu. Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere hapo juu kilimani, alichukuliwa mwaka huohuo. Wote wawili hawakurudi.

Simtetei Amin hata kidogo. Damu ile ni yake. Ila tukiibebesha tarehe moja mzigo wote, tunawasamehe waliomlea: Obote aliyemtumia, wanasiasa waliopiga makofi jeshi lilipowapiga wapinzani wao, na Uingereza iliyoitambua serikali yake kabla majuma mawili hayajaisha. Tena tunawafundisha vijana kungoja siku ya mapinduzi ndipo waogope, wakati hatari huanza pale serikali inapomtuma askari kumaliza ugomvi wa siasa.

Walimu wa historia, anzieni somo la Amin kule Jinja, mwaka 1964.