Mswaki wa hard si dili

Wasee wa Uriri, tuongee ukweli. Ukiitisha mswaki pale dukani utaulizwa, "Hard ama soft?" Na wengi wetu tunachukua hard, ati ndio unatoa uchafu. Mimi napinga. Ukisugua nao kwa nguvu, ufizi unarudi nyuma, jino linalika pale chini, halafu maji baridi yakigusa tu unaruka. Chukua soft, sugua polepole dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Nywele zake zikishalala, nunua mwingine.

Na Colgate je? Hapa kwetu kila dawa ya meno ni Colgate, hata kama imeandikwa jina lingine. Sawa tu. Usilipie rangi, geuza tyubu usome: floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm. Hiyo ndiyo inazuia jino kuoza. Ile nyeusi ya mkaa mnayoona TikTok mara nyingi haina, na inakwaruza.

Watoto wetu wanatafuna miwa kutoka hapa hadi Awendo, kwa hivyo wasinyimwe floraidi. Aliye chini ya miaka 3 anatosheka na kiasi cha punje ya mchele, na umsugue wewe mwenyewe.