Tuzo na Paa: Kuhusu Kumbi za Maigizo za Wamarekani Weusi

Wahakiki wetu wamezoea kuisoma drama ya Wamarekani Weusi kana kwamba ni rafu ya vitabu. Hutajwa Hansberry, hutajwa Baraka, hutajwa August Wilson. Huchambuliwa maudhui, mtindo na wahusika, kisha mjadala ukafungwa. Kumbi zilizowalea watunzi wa aina hii hazitajwi. Kimya hicho ndicho kinachotufanya tuipokee kwa wepesi mno ile dhana ya uanuwai inayohubiriwa na kumbi kubwa za Marekani: kwamba mwigizaji mweusi akishapewa nafasi ya Hamlet katika ukumbi wa Wazungu, haki imekwisha kutendeka.

Wilson aliikana dhana hiyo bila kumung'unya maneno. Katika hotuba aliyoitoa Princeton mwaka 1996, alibainisha kwamba kati ya kumbi 66 za muungano wa kumbi za kitaalamu za Marekani, ni mmoja tu uliokuwa wa weusi. Mhakiki Robert Brustein alimshutumu kwa kutaka utengano unaogharimiwa kwa ruzuku, na mnamo Januari 1997 wakakabiliana hadharani jijini New York. Hoja ya Brustein ilikuwa dhaifu. Ruzuku zilikuwa zikitolewa tangu zamani. Kwa hesabu ya 65 kwa mmoja, aliyejitenga alikuwa nani?

Ukumbi huo mmoja ni Crossroads, wa New Brunswick, New Jersey, ulioasisiwa mwaka 1978. Mwaka 1999 ulitunukiwa Tony ya kumbi za mikoani, wa kwanza wa weusi kuipata. Mwaka 2000 ukasimamisha maonyesho yake kwa sababu ya madeni. Naam, mwaka mmoja tu! Waliosimama kuupigia makofi hawakusimama kuulipia deni. Ulifufuka baadaye, lakini si kwa nguvu za nishani ile.

Upo mfano mwingine ambao sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kutoujua. Mjini Cleveland, Ohio, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1915 na Russell na Rowena Jelliffe, Wazungu wawili, mume na mke. Mwaka 1941 kikachukua jina la Karamu House, nalo ni neno letu hili hili. (Jina lilichaguliwa vyema: karamuni mtu haulizwi cheti.) Langston Hughes alikizoea tangu ujana wake, na katika miaka ya 1930 kikundi chake cha waigizaji, Gilpin Players, kiliziigiza tamthilia zake kadhaa kwa mara ya kwanza. Hawa walikuwa waigizaji wa ridhaa, na neno hilo limetumiwa mno na wahakiki kama kisingizio cha kutowatazama. Lakini bila ya watu hao, tamthilia hizo zingebaki kuwa karatasi.

Basi idara zinazofundisha Fences zifundishe pia Penumbra ya St. Paul, Minnesota, iliyoasisiwa na Lou Bellamy mwaka 1976, ambayo ilizipandisha jukwaani kazi za awali za Wilson kabla Broadway haijamjua. Broadway ililipa jengo jina lake mnamo Oktoba 2005, siku chache baada ya kufa kwake. Penumbra ilimpa waigizaji na hadhira alipokuwa hai, hana jina.