Usuluhishi Si Kazi ya Wanasheria Peke Yao

Wahandisi, wakadiriaji wa majengo na wahasibu wa Uganda hutuuliza mara kwa mara: kwa nini tujiunge na chama cha wasuluhishi, ilhali sheria haitudai kadi ya chama chochote? Swali hilo ni la haki. Sheria ya Usuluhishi na Upatanishi ya mwaka 2000 inawaachia wenye mgogoro kumchagua wamtakaye, awe mwanasheria au fundi, raia au mgeni.

Lakini uhuru huo ndio unaotutia wasiwasi. Msuluhishi si mpatanishi wa kubembeleza watu wapeane mikono. Uamuzi wake unawafunga wote wawili, na mahakama haiketi kuupima upya kama rufani. Aliyeshindwa ana mwezi mmoja wa kuomba ubatilishwe, tena kwa sababu chache zilizotajwa, miongoni mwake ikiwa upendeleo ulio dhahiri.

Tulipata kushuhudia mgogoro wa mjenzi na mwenye jengo. Walimchagua mzee mmoja mhandisi, mtu mwaminifu ambaye hatukuwahi kumsikia akisema uongo. Siku moja mzee huyo alikwenda kukagua nyufa za ukuta pamoja na mjenzi peke yake, wakarudi katika gari moja. Hakupokea hata senti ya mtu. Hata hivyo uamuzi wake ulibatilishwa, na mjenzi, ambaye kwa maoni yetu alikuwa na haki, akaanza upya huku vibarua wake wakimdai mishahara. Mzee yule alijua saruji. Hakujua kwamba msuluhishi hasikilizi upande mmoja pasipo mwingine kuwapo au kuarifiwa.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba cheo hakimfundishi mtu kusoma ramani. Ndivyo ilivyo hapa.

Chama kijulikanacho zaidi ni Chartered Institute of Arbitrators, kilichoanzishwa London mwaka 1915 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1979. Mtu huingia katika ngazi ya chini kwa mafunzo mafupi, akapanda. Ngazi ya juu haipati kabla ya kufaulu mtihani wa kuandika uamuzi na kuhojiwa na wenzake. Wanachama hufungwa na kanuni za maadili, na anayezivunja aweza kushtakiwa mbele ya chama.

Wapo wasemao kuwa hicho ni chama cha wakoloni. Majirani zetu wa Kenya hawakuona hivyo walipofungua tawi lao mwaka 1984. Tena, tangu Uganda ilipojiunga mwaka 1992 na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, uamuzi ulioandikwa Kampala waweza kudaiwa utekelezwe Nairobi au London. Ukiandikwa ovyo, aibu nayo itavuka mpaka.

Kuhusu ada, tunawaunga mkono wanaolalamika. Hulipwa kila mwaka, na kwa kijana si ndogo. Idara zinazoajiri wahandisi, majeshi yakiwamo, zingefaa kuwalipia wachache kila mwaka, hasa maofisa wanaokaribia kustaafu, ambao watu huwaendea kwa mashauri bila kuuliza wamesomea nini.

Mzee wetu alijiandikisha kwa mafunzo ya kwanza baada ya shauri lile, akiwa amekwisha kupita miaka 60.